Yule Anayechelewa Kuingia

Nyakato, Mwanza
12 Februari 1995

Mdogo wangu Revocatus,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia mama hadi kuku wa Selina, ambao sasa ni kumi na mmoja na wanalala jikoni kwangu kana kwamba wanalipa kodi. Wazima wote. Mimi miguu inavimba jioni kwa kusimama, ingawa huko kusimama kwenyewe sijui kutafika lini. Kiwandani wamebandika tangazo kwamba tunatafutiwa mnunuzi na kwamba wafanyakazi watapunguzwa. Mitumba imejaa soko la Mlango Mmoja, khanga zetu zinalala ghalani. Ziwa nalo limevamiwa na gugu maji, ukisimama ufukweni unaona kijani tu, utadhani ungeweza kutembea hadi Ukerewe.

Binti yangu Selina amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Wakati anasubiri amejiunga na vijana wa mtaa wanaovaa kofia kisogoni na kusema maneno mbio mbio juu ya ngoma za Wamarekani. Wao wanaita rap. Mimi naita ugomvi wenye vina. Nimemwambia akaimbe sauti ya kwanza kwenye kwaya yangu kama watoto wa watu, akacheka.

Sasa jambo lenyewe. Mama yuko kijijini Usagara, mwili hauna neno, lakini moyo umeingiwa na kitu. Unamkumbuka jirani yetu Kashindye, wa upande wa lambo? Kijana wake alikwenda machimboni Afrika Kusini. Mwaka mzima wakapata barua zake zimepigwa taipu, nzuri, zenye salamu za kila mtu kwa jina. Novemba ikajulikana kwamba kijana alikufa zamani, na barua alikuwa akiziandika rafiki yake, kwa huruma, kwa kuwa hakujua namna ya kumwambia mzee.

Tangu siku hiyo mama amezitoa barua zako zote na kuzitandaza mkekani. Zile za zamani ni za mkono wako. Kuanzia katikati ya mwaka 1993 zote ni taipu, hata jina lako pale chini. Mama hajui kusoma, lakini alikuwa akiijua ile R yako yenye mkia. "Huu mwandiko hauna mtu," ndivyo anavyosema. Na baba mdogo Shimba, badala ya kumtuliza, anatikisa kichwa na kuuliza mbona hata picha huna.

Nakuomba mambo mawili. Andika kwa mkono wako, hata mistari miwili. Na utume picha.

Mimi dada yako,
Wilhelmina

Memphis
19 Machi 1995

Dada Wilhelmina,

Shikamoo. Mama mpelekee shikamoo yake mwenyewe, ukimpa usimame karibu, usimrushie kutoka mlangoni kama unavyofanya ukiwa na haraka. Baba mdogo msalimie. Selina mwambie mjomba anasubiri matokeo pamoja naye. Pole kwa mambo ya kiwanda.

Barua yako imekaa njiani wiki nne. Nimeisoma mara mbili, kisha nikajigusa shingo nione kama nipo. Nipo, dada. Mtu aliyekufa hawezi kudaiwa kodi ya nyumba mara mbili kwa mwezi mmoja. Kuhusu taipu, usilifanye kuwa jambo. Jioni nafagia na kutunza jengo la kanisa moja la watu weusi hapa mtaani, na ofisini kwao kuna mashine. Nimeizoea. Hapa Marekani watu wazima wote wanaandika hivyo.

Picha hii hapa. Alinipiga mwenzangu mwezi wa Januari siku ya theluji.

Umeniuliza kwenye barua za nyuma kama bado napiga muziki. Muziki haujaniacha. Mji huu umelowa muziki, mtu anapaka rangi ukuta huku anaimba kitu ambacho kingeujaza ukumbi mzima pale Mwanza. Juzi nimesikia tarumbeta zikijibizana redioni, nikakumbuka bendi yetu ya ushirika, Ijumaa ya mavuno ya pamba, suruali pana na viatu vya soli nene. Tulijiona tumebuni wenyewe. Kumbe zile tarumbeta tulizichukua kutoka huku, kwenye redio ya mwalimu wa shule, tukazivika Kiswahili. Soul ilikuwa imeshakatazwa kule Dar, sisi tukabadilisha jina la mtindo tukapiga.

Unamcheka Selina, wewe uliyenifukuza kwaya ya kigango mwaka 1971. Sijasahau. Kosa langu lilikuwa kuchelewa kuingia. Ulisema mbele ya sauti ya nne yote kwamba naimba kama mtu aliyepitiwa na gari moshi na bado anakimbia nyuma yake na mzigo. Nikaenda kwenye gitaa kwa hasira. Kwa hiyo ukiniuliza nani alinifanya mwanamuziki, ni wewe.

Nitapiga simu parokiani tarehe 30 Aprili, Jumapili, saa kumi jioni ya kwenu. Mlete mama anisikie mwenyewe, neno hili liishe.

Mdogo wako,
Revocatus

Nyakato, Mwanza
7 Mei 1995

Mdogo wangu,

Tumeamka salama, na nyumbani hakuna mgonjwa isipokuwa jogoo. Matokeo ya Selina yametoka: daraja la tatu, tunamshukuru Mungu. Kiwandani wamepunguza watu themanini. Mimi nimebaki, Teodora wa sauti ya pili ameondoka, na tangu hapo hata akiimba Utukufu anauimba kama anaaga.

Picha ilifika. Nitakuambia ukweli kwa sababu wewe ni ndugu yangu. Umevaa kofia hadi kwenye nyusi, koti hadi kwenye kidevu, mikono yote miwili iko mfukoni. Mama aliigeuza, akaiangalia kwa nyuma, akasema, "Huyu wamemfunika." Baba mdogo akasema picha mtu anaweza kufa akaiacha. Nikaitia kwenye Biblia, wala sikubishana.

Na simu je? Mama alifika Jumamosi, akalala kwangu. Jumapili akavaa lile gauni ulilomtumia mwaka wa kwanza, akakaa ofisini kwa padre tangu saa nane, amenyooka, kama anayesubiri kuitwa mahakamani. Saa kumi na robo ikalia kweli. Mimi nilisikia "halo" yako, au nilidhani ni yako. Nikampa. Alisikiliza kwa muda mrefu, mimi nikiona midomo yake inajaribu kutaja jina lako la nyumbani, Chenge. Kisha akanirudishia mkonga. "Humu kuna mvua tu," akasema. Nilipoweka sikioni ilikuwa kweli, mvua juu ya bati, na mbali ndani yake mtu anayerudia neno ambalo halikumalizika.

Revo, hukuandika kwa mkono. Nilikuomba mambo mawili, nikapata moja, tena nusu. Sielewi. Kama una shida niambie. Huku nako kuna jambo linapangwa, lakini si la kuandika kwenye barua. Tuma kaseti ya sauti yako. Ongea na mama, mtaje ng'ombe wa utoto wako kwa majina, chochote. Tuma upesi.

Kuhusu muziki wako, sikukusudia kukucheka. Ila wiki iliyopita tuliitwa viongozi wa kwaya wote kwenye semina ya utamaduni wa taifa. Mtoa mada akasema muziki wa Amerika ni gugu maji: liliingia lenyewe, linazaa usiku na mchana, na chini yake samaki wetu wanakosa hewa. Mimi nilipiga makofi. Nakueleza ili ujue nilipo.

Dada yako,
Wilhelmina

Memphis
18 Juni 1995

Dada Wilhelmina,

Shikamoo, na pole ya jogoo. Hongera kwa Selina. Teodora mwambie nimesikitika, nakumbuka alivyokuwa akitugawia karanga mazoezini.

Kaseti nimeituma juzi kwa kifurushi, imeandikwa MAMA kwa herufi kubwa. Mwanzoni kabisa nimeongea naye dakika tatu, Kisukuma chote, nimetaja ng'ombe saba na yule aliyenivunja jino. Baada ya hapo ni kwaya ya kanisa hili ninalolitunza. Nimo humo. Usicheke. Nimeingia kwaya.

Nikueleze ilivyokuwa, maana semina yako imeniuma. Mwezi huu wa Juni hapa wanausherehekea kuwa mwezi wa muziki wa watu weusi. Katika bustani moja karibu na mto walitandika jukwaa, na kuanzia asubuhi wakapanda kwa zamu. Kwanza mzee mmoja na gitaa lililobandikwa gundi, akaimba blues, habari za mafuriko na mwanamke aliyeondoka na sufuria. Watu walicheka huku wanafuta macho. Wakaja wa tarumbeta. Wakaja wa soul, akina mama wa umri wako, dada, wenye sauti ya kumwambia mume atoke nje. Kisha vijana wa rap, kofia kisogoni kama Selina. Mmoja anarusha neno, mwenzake anamjibu kwa kali zaidi, watu wanaamua nani kashinda. Nikasema kimoyomoyo, hawa ni bagika na bagalu. Hii ni ngoma ya baada ya mavuno pale Usagara, vyama viwili vinashindana kuvuta watu, na mtunzi wa nyimbo anamchambua mpinzani wake hadi ukoo unaona haya. Nilikuwa peke yangu kwenye nyasi, natabasamu kama mwehu.

Mababu wa hawa watu waliletwa bila ngoma, na sehemu nyingi wakakatazwa hata kutengeneza. Wakapiga viganja na visigino. Sasa nchi nzima inacheza muziki wa watu iliokuwa ikiwaingiza kwa mlango wa nyuma. Ukiutoa, Marekani nzima itabaki na kimya na magari. Na sisi pia, dada. Zile Ijumaa za ushirika, lile dansi tunalojivunia kuwa la taifa letu, mkono wao umo ndani, na mkono wetu umo ndani ya mkono wao. Gugu maji halina ndugu upande huo wa ziwa. Huu muziki unao.

Kiongozi wetu wa kwaya anaitwa Bi. Earline, ana miaka sabini na moja. Siku ya kwanza nilipoimba nilichelewa kuingia, ugonjwa wangu ule ule. Nikangoja kufukuzwa. Akasimamisha kwaya nzima, akanielekezea kidole, akasema, "Huyo mwacheni alipo. Amefika pale ninapowangoja nyinyi kila Jumapili." Dada, nina miaka arobaini na miwili. Nilikwenda chooni nikalia.

Mwandiko utakuja. Unipe muda.

Mdogo wako,
Revocatus

Nyakato, Mwanza
8 Agosti 1995

Revo, Chenge, mtoto wa mama yangu,

Leo salamu zimekuwa nyingi hata sijui nianze na ya nani. Mama anakusalimu. Ameniambia niandike neno hilo kwanza na niliandike peke yake: mama anakusalimu.

Sasa nitakuambia nililokuficha. Jumamosi iliyopita, tarehe tano, ilikuwa siku ya kukulilia. Baba mdogo aliitaka tangu Machi, wakasema tungoje pamba iuzwe watu wapate nafasi. Matanga kamili, bila maiti. Mama anyolewe, ng'ombe achinjwe, na kwa ukoo wetu unajua, mtu akishaliliwa hatajwi tena kwa jina. Sikukuandikia kwa sababu niliogopa. Kama u hai, ningekuwa nimekutia mkosi kwa kuliandika. Na kama hukuwa hai, ningekuwa namwandikia rafiki yako mwenye huruma. Nisamehe, kuna siku niliamini hivyo.

Kadi ya kifurushi niliipata Alhamisi. Ijumaa asubuhi niko posta. Ofisa wa forodha akaitikisa bahasha na kuuliza kaseti hii ina nini. Nikasema, "Ina mdogo wangu." Akaniangalia kidogo, akagonga muhuri.

Tulifika Usagara Jumamosi saa nne, mimi na Selina. Uani kulikuwa na watu kama sitini. Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa. Mama ameketi mkekani, kichwa kimeshapakwa sabuni, na shangazi mmoja wa ukoo anautoa wembe kwenye karatasi yake. Nilipiga kelele ngojeni, kelele ambayo sijawahi kuwapigia hata besi wa kwaya yangu. Wakangoja, kwa adabu tu. Mwalimu Muganyizi, yule Mhaya anayefundisha shule ya hapo, akaleta redio kaseti yake. Betri zilikuwa zimechoka, tukazianika juani juu ya jiwe nusu saa, mama na povu lake linamkaukia, baba mdogo anatembea huku na huko.

Tukaweka kaseti. Ukamwita mama, "Mayu." Neno moja, nililisikia mwenyewe. Halafu redio ikameza mkanda. Sauti yako ikawa nzito, ikavutika kama ndama aliyekwama tope, ikakata. Tulipofungua, mkanda ulikuwa umejizungusha ndani na kusokotwa, na zile dakika zako tatu zimeisha. Baba mdogo akasema, "Basi, imetosha. Hata mashine imekataa." Watu wakaanza kusogea. Shangazi akauinua wembe.

Aliyetuokoa ni Kashindye. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, mzee wa watu, tangu Novemba haongei. Akasimama na kusema, "Mimi sikupata hata kaseti. Hiyo iliyobaki ichezeni tusikilize."

Selina akamwomba shangazi wembe. Akaukata mkanda pale palipoharibika, kwa wembe ule ule wa kichwa cha bibi yake, akauunganisha kwa rangi yake ya kucha, nyekundu, akapuliza hadi ikakauka. Na mimi niliyemkataza rangi hiyo mwaka mzima nikamshikia mwavuli.

Ikaanza kwaya. Revo, sitajidai kwamba nilipenda pale pale. Nilikuwa nasikia makofi na watu arobaini wanaimba kwa lugha ambayo mle uani wanaijua Mwalimu na Selina tu. Mama aliinamisha kichwa. Wimbo wa kwanza ukapita. Katikati ya wa pili akainua mkono.

"Yule," akasema.

"Yupi, mama?"

"Yule anayechelewa."

Tukarudisha mkanda kwa kuuzungusha na kalamu, kuokoa betri. Akasikiliza tena. "Wenzake wameshaingia ndani wamekaa, yeye ndiyo kwanza anafunga mlango nyuma yake. Alikuwa akiwajibu wachungaji wenzake hivyo hivyo toka mlimani. Nilikuwa nikimsikia toka shambani nikajua yuko wapi." Tukarudisha mara ya tatu. Hapo na mimi nikakusikia. Sauti ya nne, upande wa kushoto, nusu pigo nyuma ya ulimwengu wote. Mama akachukua pindo la khanga, akajifuta povu kichwani taratibu, akampa shangazi sabuni yake.

Nililia, mdogo wangu, nilimlilia mtu aliye hai. Kosa nililokufukuzia kwaya ndilo lililokutoa kaburini. Ungenitii mwaka 1971 ukaimba sawasawa na wenzako, Jumamosi tungekuzika.

Baba mdogo alingoja wimbo uishe. Halafu akasema, "Ng'ombe ameshachinjwa." Mama akamjibu, "Basi tumle." Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Hata yeye alicheka, na baadaye nikamkuta nyuma ya nyumba anajifuta macho. Usimchukie. Alitaka tu mama yetu apumzike na huko kungoja.

Wapigaji ngoma waliokuja kwa ajili ya matanga wakaomba kaseti ichezwe tena, wakaitafutia pigo, wakalipata upesi kuliko nilivyotegemea. Selina akapanda juu ya kinu na kofia yake kisogoni, akamrushia babu yake Shimba mistari kuhusu watu wanaozika walio hai. Wazee wa bagalu walipiga vigelegele, wakasema msichana huyu anafaa kuwa mtunzi wao mwakani. Nilimwangalia nikafikiria ile semina na makofi yangu. Nitamwandikia mtoa mada. Nitamwambia chini ya gugu lake nimempata ndugu yangu.

Lakini sijamaliza nawe. Nimeisikiliza kaseti siku tatu sasa. Gitaa limo. Si lako. Anayelipiga anaingia palepale penye pigo, safi, kama askari. Wewe ukae chumba kimoja na gitaa, apige mtu mwingine? Na zile taipu. Na ile mikono mfukoni. Mimi si mjinga, nimesimama kwenye mashine miaka ishirini na mbili, nimeona zinavyofanya.

Mkono wako una nini, Revo?

Dada yako,
Wilhelmina

Memphis
10 Septemba 1995

Dada,

Shikamoo. Huu ni mkono wa kushoto. Usicheke, nimetumia siku nne.

Julai 1993, kiwanda cha viti, msumeno. Vidole vitatu vya kulia. Vilivyobaki ni gumba na cha mwisho. Nilikuwa mzima baada ya miezi miwili, lakini gitaa liliisha. Sikuweza kuwaandikia. Mliniaga stesheni na gitaa begani, mama akasema, "Hilo ndilo litakurudisha." Niliona nikisema limeisha, nimesema sitarudi.

Bi. Earline alikuja hospitali, hatukuwa tunajuana, alikuwa akizungukia wagonjwa. Akaangalia bandeji akasema, "Koo hawajakata." Alinisumbua mwaka mzima hadi nikaingia kwaya.

Sikujua habari za matanga. Nilisoma barua yako nimesimama na nilipomaliza nilikuwa nimekaa. Nilificha vidole vitatu na nikakaribia kumfanya mama anizike mzima. Mwombee radhi kwa ajili yangu hadi nitakapomwomba mwenyewe. Mwambie Kashindye ahsante. Selina mwambie kijana mmoja wa rap hapa anataka hiyo mistari ya kinu.

Nina likizo Desemba. Nauli kanisa wananichangia, waliimba kwa ajili yake Jumapili. Angalia jina langu hapa chini. Mwonyeshe mama mkia.

Revocatus

Nyakato, Mwanza
15 Oktoba 1995

Mdogo wangu,

Hatujambo, ila hatulali kwa magari ya kampeni, kila chama na vipaza sauti vyake. Gari moja lina vijana wanaorap kuhusu barabara ya Buhongwa. Wanarap vizuri, nakubali. Kiwandani bado nipo. Jogoo alikufa, tumenunua mwingine.

Nilimpelekea mama barua yako na nikamsomea yote, na vidole pia, sikuruka neno. Aliishika karatasi muda mrefu, akapitisha kidole juu ya ile R iliyopinda, ambayo mkia wake umeelekea upande usio wake. "Huyu ni mtu," akasema. Kisha akalia, machozi ya kawaida ya mama ambaye mwanawe ameumia, na mimi nikashukuru kumwona analia hivyo. Alipomaliza aliuliza kama vidole viwili vinatosha kushika kijiko. Nikamwambia vinatosha. Akasema, basi.

Ile kaseti yenye rangi ya kucha iko kwenye kibuyu chake cha mbegu, na kila Jumamosi Mwalimu Muganyizi anatumiwa mtoto kuombwa redio. Mimi nimeanza kuwafundisha kwaya wimbo wake wa pili, kwa maneno yetu na makofi. Teodora amerudi kuimba kwa furaha. Baadhi ya wazee wa kigango wananung'unika, padre anasema tuwape muda. Wiki iliyopita kuna kijana wa sauti ya nne alichelewa kuingia. Nilinyanyua mkono kumsimamisha kama ilivyo kawaida yangu. Nikaushusha, nikamwacha alipo.

Njoo Desemba. Njoo na mkono ulivyo. Mama ameshaanza kukaa mlangoni, nami nimemwambia ndege zinachelewa, mipaka inachelewesha, asijitie wasiwasi asipokuona siku yenyewe. Amenicheka.

"Acha achelewe," amesema. "Ndivyo nitakavyojua ni yeye."

Dada yako,
Wilhelmina